Mwalimu na Saa Sita Yangu

Majina mimi siyasahau. Niulize mwanamke aliyekaa mbele yangu kanisani kule Uvira siku ya ubatizo wangu, nitakuambia: Mama Nalukala, na kitambaa chake cha kichwa kilikuwa cha njano. Shule niliishia darasa la tatu, lakini jina likiingia kichwani mwangu halitoki tena. Ila jina la mzee ninayemweleza hapa sitaliandika. Alinikataza mwenyewe. "Mama Riziki," aliniambia, "siku ukisimulia habari zangu, mimi niite Mwalimu, basi. Jina andika la Zalman."

Na Zalman ndiye aliyekuwa mpinzani wake. Fikiria mtu wa namna hiyo.

Bon. Mwalimu alikuwa Myahudi, mkuu wa nyumba ndogo ya sala hapa Durban. Maisha yake yote yalikuwa ndani ya kitabu kimoja, kikubwa mpaka majuzuu yake yamejaza kuta mbili, ambamo wazee wao wa zamani wanabishana. Si kwamba walibishana wakamaliza. Wanabishana mpaka leo. Mimi nilimpikia na kumsafishia nyumba miaka kumi na mmoja, South Beach, ghorofa ya nane. Bahari yote iko dirishani, na yeye ameipa mgongo anasoma.

"Mwalimu, geuka kidogo uone maji."

"Maji hayaendi popote, Mama Riziki. Huyu mzee hapa yuko karibu kushindwa."

Tuliongea kwa Kiingereza changu cha sokoni, kwa Kizulu chake, na kwa Kiswahili nilichomfundisha mimi, neno moja kila siku, pale jikoni. Jikoni kwake kila kitu kilikuwa viwili viwili: sufuria za nyama na sufuria za maziwa, sahani za nyama na sahani za maziwa, kwa sababu nyama na maziwa kwao havikutani. Miiko nayo hivyo hivyo. Wa nyama nilifunga uzi mwekundu, wa maziwa nikafunga wa buluu. Siku nilipomwambia kwamba kwetu mwiko ni kile kijiko cha mti cha kupikia, na mwiko tena ni jambo lililokatazwa, alicheka mpaka akavua miwani akaipangusa.

"Neno moja?"

"Moja, Mwalimu."

"Basi lugha yenu imeshasoma kitabu chetu."

Kwa sheria alikuwa mkali. Mboga ya majani aliigeuza jani kwa jani kwenye mwanga, anatafuta mdudu, asije akamla. Lakini mtu huyo huyo akifika barabarani, robot, yaani taa ya barabarani, inawaka nyekundu, anainua kofia yake juu na kuvuka tu. Taxi zinapiga honi, madereva wanatoa vichwa nje: "Eish, madala, mzee, unataka kufa?" Naye anawapungia kofia kama wamemsalimu. Nikamwambia, jani la mboga unaliogopa, taxi huiogopi? Akasema mdudu wa mboga haonekani, taxi anaiona.

Heshima nayo aliipenda na kuikimbia. Aliposikia kwamba watu wakimwona anaingia wanasimama wote, akaanza kupitia mlango wa nyuma, asiwasumbue. Lakini akitokea mmoja asiyemsalimu, atakuwa na huzuni mpaka jioni, chai inapoa mbele yake.

Kuna jambo lao lingine nililipenda. Hawahesabu watu. Kwetu pia bibi yangu hakukubali mtu ahesabu watoto wake, unaita balaa. Sasa wao sala yao kubwa inataka wanaume kumi, wakipungua kumi kuna maneno hayasemwi. Mtahesabuje basi? Mwalimu alisimama mlangoni akanyoosha kidole: "Si mmoja, si wawili, si watatu..." mpaka "si kumi", ndipo anafurahi. Alinieleza hivyo ninamenya viazi, nikacheka mpaka kisu kikaanguka. Tangu hapo hata viazi tulivihesabu hivyo. Si kimoja, si viwili.

Walikuwa si kumi tu, hawazidi. Vijana wao walikuwa wamehama, wengine Cape Town, wengine ng'ambo. Wa kumi alikuwa Zalman.

Zalman alikuwa fundi saa, mzee mfupi, mguu wa kushoto mbovu. Alikaa Albert Park, kwenye jengo letu hilo hilo, sisi ghorofa ya tano, yeye ya tatu. Wayahudi wenzake wote walishaondoka pale zamani. Yeye alisema, "Nilibaki nasubiri majirani wazuri, Wacongomani wakaja." Mimi nilimpelekea ndizi, kwa sababu chakula cha sufuria yangu asingeweza kula. Ukutani kwake alikuwa amebandika makaratasi, migongo ya kalenda za zamani, yote yameandikwa kwa wino mweusi, hakuna mahali unaweza kuweka hata kiganja. Nilidhani ni mambo ya saa za watu.

Kila alhamisi saa nane mchana Zalman alipanda taxi akaja South Beach kusoma na Mwalimu. Kusoma! Mara ya kwanza nilitoka jikoni nimeshika ufagio, nilidhani wanauana.

"Wewe ni punda!"

"Na wewe unasoma kama punda aliyevaa miwani!"

Halafu kimya. Halafu Mwalimu anaita, "Mama Riziki, chai ya punda wawili."

Na ndani ya kelele zile kulikuwa na sheria. Kabla hujasema lako, unasema kwanza la mwenzako, kwa jina lake, na ulieleze vizuri mpaka mwenyewe akubali: ndiyo, ndivyo ninavyosema. Bila hivyo husikilizwi. Mwalimu alisema zamani kulikuwa na nyumba mbili za wasomi wao, na iliyoshinda haikushinda kwa akili nyingi, ilishinda kwa sababu ilitaja maneno ya wapinzani kabla ya yake. Hata mimi alinifanyia hivyo. Nilikuja nimekasirika na Mama Feza wa kwaya yetu. Akaniambia, "Sema ya Mama Feza kwanza." Nikasema ya Mama Feza, nikayasema vizuri, mpaka nikaanza kumwonea huruma. Nilirudi nyumbani sina mtu wa kumkasirikia isipokuwa Mwalimu.

Sasa nifike kwenye kosa langu.

Kulikuwa na sufuria ya enameli, nyeupe, ina maua ya buluu. Ilikuwa ya mke wake marehemu, ya maziwa. Asubuhi nyingine aliishika tu, hana anachopika. Alhamisi moja Mwalimu aliumwa tumbo, nikamtengenezea uji wa maziwa ndani ya sufuria ile. Saa nane, Zalman anaingia na fimbo yake, anapitia jikoni kunisalimu. Akaangalia mkono wangu. Nikaangalia na mimi. Uzi mwekundu! Nilikuwa nakoroga maziwa ya moto kwa mwiko wa nyama.

Nilipiga kelele, Mwalimu akaja na soksi. Hakunigombeza. Akauliza swali moja: mwiko huu uliingia lini mara ya mwisho kwenye nyama ya moto? Sheria yao ni kwamba siku nzima ikipita, usiku na mchana, ladha ya nyama ndani ya mti imeharibika, na sufuria imepona. Siku haijatimia, sufuria ya enameli haioshwi ikatakata tena, imekwisha.

Mimi kwa hofu nikajibu kwa Kiingereza, nionekane mtu wa maana. Nikasema, jana, *six o'clock*.

Wewe unayesoma Kiswahili umeshaelewa. Nilikuwa na maana ya saa sita. Mchana, jua liko kichwani, nilikoroga supu. Lakini Mzungu akisikia *six* ni jioni. Kwa saa sita yangu, mwiko ulikuwa umepumzika siku nzima na zaidi. Kwa saa sita yake, ulikuwa bado.

Mwalimu akafunga macho. "Imekwisha," akasema.

Zalman akapiga fimbo chini. "Haijakwisha! Ninakaa na watu hawa. Saa yao inaanza jua likitoka. Muulize tena!"

Nikasema, ndiyo, ndiyo, mchana, wakati wa supu!

Mwalimu akatikisa kichwa. Kwao shahidi akishasema, harudi kusema tena. Neno la kwanza ndilo. Na nilikuwa nimelisema kwa Kiingereza, na kwa Kiingereza *six* ni jioni. Na Kiswahili alikijua, saa zetu nilimfundisha mimi mwenyewe. Alijua vizuri nilichotaka kusema. Hapo ndipo Zalman alipokasirika. "Unajua na unajifanya hujui! Unajihukumu vikali kwa sababu sufuria ni ya mkeo, unaogopa watu watasema umejipendelea!"

Kama yangeishia jikoni, yangeisha na chai. Lakini jumamosi, kwenye nyumba ya sala, katikati ya somo, Zalman aliyasema tena mbele ya wote. Haya nilisimuliwa na Amisi, mlinzi wa geti, Mtanzania wa Tanga, ambaye alisikia yote kupitia dirishani. "Mama'ngu," Amisi aliniambia, "mzee wako alikuwa mwekundu kama nyanya. Alimwambia mwenzake: simama, na usikae mpaka nikuambie. Halafu akaendelea kufundisha."

"Akamwambia lini akae?"

"Hakumwambia. Saa nzima. Yule mzee na mguu wake ule. Somo lilipoisha akachukua kofia akapita hapa getini. Nikampa shikamoo, hakuisikia."

Mkuu anaweza. Ndiyo ubaya wake. Hakuna aliyemwambia Mwalimu neno.

Jumamosi iliyofuata Mwalimu alisimama mlangoni na kidole chake. Si mmoja, si wawili, mpaka si tisa. Kidole kikabaki hewani. Jumamosi ya pili, si tisa. Ya tatu, si tisa. Na juma lililokuwa linakuja lilikuwa na siku ya kumkumbuka mke wake, kila mwaka mara moja, na ile sala ya wafu haisemwi chini ya kumi.

Mwalimu hakula vizuri siku zile. Sufuria ya maua aliifunga na gazeti, akaiweka juu ya kabati. Alhamisi saa nane alikaa na kitabu wazi, kiti cha pili kitupu, na hakugeuza ukurasa. Bahari aliitazama! Nikajua hali ni mbaya.

Nikaenda na viazi vyangu, nikakaa karibu naye. Nikasema, "Mwalimu, nikumbushe hadithi ya yule Mkuu." Ni hadithi ya kitabu chao, aliifundisha kila mwaka na kila mwaka aliifanyia mazoezi kwangu. Mkuu mmoja wa zamani alikuwa na mpinzani msomi. Akamsimamisha mbele ya darasa, akamwacha amesimama, mpaka watu wakachoka, wakamvua Mkuu ukuu wake. Ndipo Mkuu akaenda nyumbani kwa yule msomi kuomba msamaha.

"Alipofika aliona nini, Mwalimu?"

"Kuta nyeusi," akasema polepole. "Akasema, kumbe wewe unachoma makaa. Na yule akamjibu, ole wa watu unaowaongoza, hujui hata tunaishi vipi."

"Na ukuta wa Zalman una rangi gani?"

Miaka yote ile Zalman ndiye aliyepanda taxi. Mwalimu hajawahi kukanyaga kwake hata mara moja.

"Mimi nimeuona," nikasema. "Nao mweusi."

Akanitazama sana. Halafu akasimama, akachukua kofia, akapanda kwenye kiti, mzee yule, akashusha sufuria na gazeti lake. "Twende," akasema.

Albert Park umeme ulikuwa umekatika, lifti imekufa. Watoto wamejaa kwenye ngazi, mtu anakaanga maandazi kwa gesi, muziki wa mtu mwingine unatoka kwenye simu. Mwalimu amevaa koti lake jeusi, amekumbatia sufuria kama mtoto mchanga. Akina mama wakaniuliza, "Mama Riziki, huyo ni bwana mpya?" Nikawaambia huyu ni mkubwa sana kwenu, mpisheni. Kila ghorofa alipumzika. Nilimwona anatazama: ngazi, giza, na mguu wa kushoto wa Zalman alikuwa anaupigia hesabu, najua.

Nikabisha. "Zalman, ni Mama Riziki, nina mgeni."

Mlango ukafunguka kidogo. Zalman alikuwa na ile lenzi yake ya saa jichoni. Akamtazama Mwalimu kwa jicho hilo moja.

"Umekuja kwa ajili yangu," akauliza, "au kwa ajili ya kumi?"

Mwalimu alikuwa anahema. Nilidhani atasema uongo wa heshima, kama watu wengine. Akasema, "Ghorofa ya kwanza nilipanda kwa ajili ya kumi. Hizi mbili nimepanda kwa ajili yako."

Zalman akatoa lenzi. Akafungua mlango wote.

Basi Mwalimu akaona ukuta. Akausogelea, pua iko karibu na karatasi, mwanga ni wa dirishani tu. Akaanza kusoma bila sauti. Akahamia karatasi nyingine. Nyingine. Nikaona bega lake linatetemeka, sijui ni kicheko au ni nini.

"Mwalimu, yameandikwa nini? Ni saa za watu?"

"Ni mimi," akasema.

Kila karatasi ilianza na jina lake. Fulani amesema hivi, na sababu yake ni hii. Ndipo chini, kwa herufi ndogo: na Zalman anasema. Kila alhamisi ya miaka yote ile. Maneno mengine Mwalimu mwenyewe alikuwa ameshayasahau, na pale yameelezwa vizuri kuliko alivyoyasema yeye. Karatasi ya mwisho gundi yake ilikuwa bado mpya. Akanisomea kwa Kiswahili, ili nisikie:

"Fulani amesema sufuria imekatazwa, kwa sababu shahidi akishasema harudi kusema tena, na alisema kwa Kiingereza. Na mtu anayejinyima kitu cha mpenzi wake ili asije akajipendelea, huyo anaogopa Mungu. Na Zalman anasema: mtu husema kwa ulimi wa mama yake, hata akiazima maneno ya wengine."

Aliandika hayo jumamosi ile ile ya kusimamishwa, sabato yao ilipokwisha jioni, mguu wake bado umevimba. Hata siku ile aliweka la mwenzake kwanza.

Mwalimu akamgeukia. "Nilikusimamisha," akasema. "Nilikuwa na nguvu ya kukusimamisha, nikaitumia, na nilikuwa nimekosea kuitumia. Sasa ninasimama mimi. Sikai mpaka uniambie."

Na akasimama kweli, katikati ya chumba, na sufuria mkononi. Zalman akaenda kwenye meza yake, akachukua saa ya mtu, akaifungua, akaipuliza, akaifunga. Taratibu kabisa! Mimi nilitaka kumpiga na ndizi. Mwishowe akasema, bila kuinua macho:

"Kaa, punda."

Tulicheka wote watatu mpaka jirani, Baba Bahati, akagonga ukuta. Mwalimu akaiweka ile sufuria mezani. "Kwangu mimi imekatazwa, sijabadilisha. Kwako imeruhusiwa. Basi ikae kwa mtu anayeweza kuipikia." Jumamosi ile Amisi alinipigia simu kabla hata hawajamaliza: "Mama'ngu, kidole kimefika kumi!" Nikamwambia sema "si kumi", usituletee balaa. Na sala ya mke wake ilisemwa yote.

Mwalimu nilimwona mara ya mwisho mwaka jana. Binti yake wa Johannesburg alikuwa amekuja kumchukua, maana macho ya mzee yamechoka, hawezi tena kukaa peke yake. Mimi nilishaacha kazi, magoti. Alhamisi ya mwisho akaomba alhamisi ile isiwe South Beach, iwe Albert Park. Alipanda akishika bega langu, na watoto wa ngazini wakamhesabia ngazi kwa sauti, si moja, si mbili, nani aliwafundisha sijui.

Zalman alikuwa anapika uji wa maziwa. Ndani ya sufuria ya maua ya buluu. Nilitaka kumpigia jicho, afunike, asimtie mgeni aibu. Mwalimu alishanusa. Akaja mpaka jikoni, akaipapasa kwa kidole ukingoni, pale ua moja limebanduka. Miaka minne tangu wapatane alikuwa anakuja pale mara moja moja, na hajawahi kuonja kitu kilichopikwa ndani yake.

"Kwangu imekatazwa," akasema.

"Najua," Zalman akasema. "Nimeshaandika ukutani, kwa jina lako."

"Lakini hapa si kwangu." Akatafuta kiti kwa mkono, akakaa. "Kitabu kinasema mahali pa mwalimu, hukumu ni ya mwalimu wa pale. Mama Riziki, wewe ni shahidi. Hapa ni mahali pa nani?"

Safari hii sikutafuta Kiingereza. Nikasema kwa ulimi wa mama yangu: "Hapa ni kwa Mwalimu Zalman."

"Voilà," akasema, neno la Kifaransa nililomfundisha mimi. "Basi nipe sahani."